Duka la Hewa

Swali la kwanza ambalo ile websaiti ya ng'ambo iliniuliza lilikuwa: bidhaa yako ina uzito gani? La pili: ina rangi gani? Nikaweka miwani vizuri nikangoja la tatu, nikidhani sasa itauliza la maana. Ikauliza ukubwa. Nikamgeukia binti yangu nikamwambia, "Mwanangu, hii mashine haina pua."

Mimi nauza manukato. Niko Nakuru, mtaa wa Bondeni, na duka langu ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na rafu mpaka juu: udi, miski, mafuta ya waridi na ya asumini, marashi ya kunyunyiza, hina za maharusi. Wateja wangu si Waislamu wa mtaa peke yao. Wakulima wa Mau Narok wakishuka kuuza viazi hupitia kwangu, na akina mama wa kwaya kutoka Olenguruone hawarudi bila kachupa kwenye mkoba. Wananiambia baridi ya kule juu inafanya harufu ikae kwenye sweta wiki nzima. Sijawahi kuhakikisha, lakini naamini, maana wanarudi.

Halafu mume wangu akafariki, nikaingia eda.

Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii wanja wala hina, na manukato hajitii kabisa. Hebu fikiria, muuza manukato asiyeruhusiwa kunukia! Nilimpigia ustadhi wa msikitini kwetu kumuuliza kama na biashara nimeharamishiwa, akasema kuuza si kujitia, nitafute riziki yangu ila nijichunge. Basi nikajichunga kwa ukali wangu mwenyewe. Nikaapa sitafungua kifuniko cha chupa hata moja mpaka siku ya kutoka.

Tatizo lilikuwa shemeji, mdogo wa marehemu. Ni mtu mzuri, mtu wa swala, lakini akiona kitu kimelala hawezi kukiacha kilale. Mkataba wa chumba cha duka uliandikwa kwa jina la mume wangu, na mwenye jumba aliwajua wao ndugu wawili, mimi hakunijua. Hitima haijapoa vizuri, shemeji akaja, akakaa sebuleni, akanywa chai yake taratibu, akasema, "Shemeji, wewe pumzika. Duka likifungwa ni hasara. Kijana wangu atauza makava na chaja za simu pale. Ukitoka eda tutaona."

Tutaona! Nimeishi vya kutosha kujua maana ya tutaona.

"Duka halijafungwa," nikamwambia. "Linahamia mtandaoni."

Wallahi nilisema kwa hasira tu. Hata sikujua mtandaoni mtu anahamiaje. Shemeji akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Manukato kwa mtandao? Nani atanusa simu? Shemeji, hilo litakuwa duka la hewa." Akainuka, akavaa viatu, na pale mlangoni akalegeza kidogo. "Haya. Mpaka utoke eda sitagusa kitu. Ukinionyesha wateja, nitanyamaza. Usiponionyesha, siku hiyo nitakuja na futi nipime rafu za kijana wangu."

Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi. Ama nipate wateja nikiwa nimekaa ndani, ama nikitoka nje nikute duka langu linauza chaja.

Binti yangu alikuwa amekuja kukaa nami na mtoto wake mchanga. Yeye ni karani, anajua mambo ya kompyuta, na ana subira kuliko mimi, ingawa hilo si jambo gumu. Akaweka laputopu juu ya meza ya chakula akasema, "Mama, hizi platform ni nyingi. Tunataka rahisi, na isiyotumaliza. Tujaribu moja moja."

Hapo ndipo udadisi ukanishika. Tangu mazishi sikuwa nikitaka kujua chochote. Chakula kilikuwa chakula, jua lilikuwa jua, siku ilikuwa ya kupita tu. Lakini nikiona mlango nisioujua siwezi kuupita bila kuchungulia, ndivyo nilivyoumbwa, na ile laputopu ilikuwa milango mitupu.

Ya kwanza ndiyo hiyo ya ng'ambo isiyokuwa na pua. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Ilinipa kurasa za rangi ya maziwa, picha kubwa, na kikapu kidogo pembeni cha mteja kutilia vitu vyake. Tulichezea rangi kutwa nzima. Siku za majaribio ni bure, baadaye unalipa kila mwezi kwa dola, kwa kadi ya benki. Mimi kadi yenyewe sina, na dola nazisikia kwenye taarifa ya habari. Lakini kilichonichosha si hicho. Mteja angeingia, angechukua, angelipa, angeondoka, hakuna aliyesema hata hodi.

"Nitajuaje anataka nini?" nikauliza.

"Atabonyeza anachotaka, Mama."

"Hajui anachotaka! Hakuna anayejua anachotaka mpaka umuulize ni cha nani."

Maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akiingia dukani simuulizi ana shilingi ngapi. Namuuliza: ni yako au ya zawadi? Ni ya harusi au ya kazini? Mwenyewe ni mtu wa jasho jingi au la? Akijibu, mkono wangu ushafika kwenye rafu.

Ya pili ilikuwa ile ya matangazo, ya hapa hapa nchini, bure kabisa. Tukaweka picha ya mafuta yangu ya waridi. Nilipoitafuta niikague, nikaikuta katikati ya friji kuukuu na mtamba wa ng'ombe. Simu zikaanza. "Boss, bado iko?" Iko. "Last price?" Nikitaja, wanakata simu. Bwana mmoja akaniuliza kama naweza kubadilishana na zulia. Nilimuuliza zulia la rangi gani, na binti yangu akaninyang'anya simu. Lakini jamani, nilitaka tu kujua.

Ya tatu ilikuwa ya picha na video. Hapo binti yangu akaanza kuzungukazunguka maneno. "Watu wa huku wanataka kuona sura, Mama. Wanataka uongee kwa kamera, uchangamke."

"Mimi? Na eda yangu?"

"Ndiyo maana nimesita kusema."

"Toba!" nikasema, na hiyo ikafungwa siku hiyo hiyo.

Ya nne nilikuwa nayo mkononi muda wote. Ni ile app ya kutumiana meseji ambayo kila mtu anayo, hata mama wa mboga. Kumbe ina sehemu ya biashara, unatengeneza katalogi: picha, jina, bei, na kisanduku cha maelezo. Halipishwi mtu. Mteja akiipenda chupa anaigusa, na papo hapo anajikuta anazungumza na mimi. Tena si kuandika tu. Anaweza kutuma sauti.

"Sauti yake nitaisikia?"

"Utaisikia."

"Na yangu ataisikia?"

"Mama, si hivyo ndivyo unavyonitumia meseji kila siku, dakika tatu tatu?"

Basi nikachagua hiyo. Binti yangu alisikitika kidogo kwa zile kurasa za rangi ya maziwa, nami nilimhurumia, lakini moyo wangu ulikuwa umetulia.

Akaenda dukani akaleta mali yote kwenye maboksi. Sasa ona jinsi tulivyofanya kazi. Mimi nimeapa sifungui. Yeye akifungua, mtoto anapiga chafya mfululizo hadi machozi. Kwa hivyo chupa zikakaa zimefungwa, nami nikazipanga dirishani nikazitambua kwa rangi mwanga ukizipenya. Asumini ni kama maji ya mchele. Waridi lina uwekundu wa mbali. Sandali ni chai ya rangi, chai kavu isiyo na maziwa. Nikajisifu hata. Miaka yote hii, nani atanidanganya?

Kisha kile kisanduku cha maelezo. Ee, hicho ndicho kilinipa raha. Unamwelezaje mtu harufu kwa maneno, na wewe mwenyewe hujainusa tangu msiba? Nilikuwa nafumba macho nakumbuka, binti yangu anaandika. Miski: "Kama shuka lililoanikwa juani likakunjwa likiwa bado na joto." Udi: "Wa siku ambayo wageni wameshaondoka na nyumba bado ina furaha." Marashi: "Mvua ya kwanza kwenye vumbi la Nakuru." Binti yangu akaacha kuandika akanitazama. "Mama, haya maneno ulikuwa umeyaficha wapi?" Nikamwambia hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tukaituma katalogi kwa wateja wote niliokuwa na namba zao. Wakatuma kwa wenzao. Oda zikaanza kuja, chache, halafu si chache. Wa Keringet, wa Njoro, wa Olenguruone. Kila mmoja nilimuuliza maswali yangu kwa sauti, wakajibu kwa sauti, nyuma yao nasikia kuku, nasikia trekta, nasikia mtoto akiambiwa anyamaze. Nilikuwa nimekaa ndani kuliko wakati wowote maishani, na nilikuwa nazijua nyumba za watu kuliko wakati wowote. Binti yangu anafunga kifurushi, anakipeleka kwenye ofisi ya vifurushi stendi, jioni mtu anapokea.

Siku moja mkulima mmoja wa Mau Narok aliyekuwa ameagiza sandali akanitumia sauti.

"Mathe, sasa? Mzigo nilipata, iko sawa. Lakini wacha nikuulize. Hii ndio ile ya kwa picha? Juu bibi yangu anasema hii inanuka chai. Chai ya maziwa, ile ya kutiwa iliki. Kwani mmeweka iliki ndani?"

Nikaicheza tena ile sauti.

Duniani kulikuwa na chupa moja tu ya mafuta yenye iliki, na haikuwa ya kuuza. Ilikaa chini ya kaunta, nyuma kabisa. Ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa mgonjwa wa chai ya maziwa yenye iliki, na zamani sana nilipomchanganyia mafuta yake ya udi na sandali, nikaponda iliki nikatia, kumtania tu. Utani ukawa harufu yake. Nikiwa jikoni, mgongo kwa mlango, nilikuwa namwambia "karibu" kabla hajapiga hodi. Chupa hiyo niliijaza wiki aliyoanza kuugua, hakuigusa. Nilikuwa nimepanga siku ya kutoka eda niifungue hiyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Binti yangu alikuwa ameikomba pamoja na nyingine, hakujua. Nami nikaitazama dirishani kwa mwanga, nikaona chai ya rangi, nikasema sandali. Ingefunguliwa kwa kufumba na kufumbua tu, ningejua. Lakini nilikuwa nimeapa.

Nililia, sitaficha. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na watu. Binti yangu aliposikia naye akalia, akataka kumpigia yule mkulima airudishe. Nikamkataza. Ameshaifungua, ameshajitia, ni yake.

"Lakini unaweza kuchanganya nyingine, Mama."

"Sikuwahi kupima," nikamwambia. "Nilitia kwa jicho. Na jicho langu ndilo hili lililoiuza."

Nilipotulia, ule udadisi wangu ukarudi na swali. Nikabonyeza, nikamtumia yule mkulima sauti. "Baba, usirudishe, makosa ni yangu. Sandali yako nitakutumia nikitoka eda, nikiwa nimeinusa mwenyewe. Lakini nisaidie jambo moja. Hiyo iliki inakuja mwanzo unapojitia, au inakuja baadaye?"

Nikajua ameniona mwendawazimu. Jioni akajibu, na nyuma yake upepo unapiga. "Mathe, nimeangalia. Kwanza inakuja ile ya moshi. Hiyo chai inakuja nikishafanya kazi kidogo, nikitoa jasho."

Basi tukaanza. Mimi naye, na mkewe naye akaingia, tukawa watu wa kunusa kwa simu. Asubuhi ikoje? Ukivaa sweta ikoje? Imelala kwenye nguo mpaka kesho au imekimbia? Mwanamume alikuwa anavuna viazi, lakini alinijibu kila siku bila kuchoka, na nadhani na yeye alikuwa amenogewa. "Mathe, leo nimeweka kwa shingo, sio kwa mkono, iko tofauti!" Siku nyingine ni mkewe aliyechukua simu. Alikuwa na sauti ya upole, akacheka kwanza kwa haya. "Mama, mimi najua tu kitu moja. Akiwa bado kwa geti, hata mbwa haijabweka, mimi nishajua ni yeye."

Hiyo niliisikiliza mara nyingi.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa nguo nyingine, dada wa jirani wakaja na halua, wakaniombea dua. Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kwa miguu yangu. Vumbi lilikuwa kila mahali, hata ndani ya mizani. Nikafagia, nikapangusa, nikarudisha chupa kwenye rafu. Kisha nikafunga mlango nusu, nikachukua udi, nikachukua sandali, nikaponda iliki.

Nilitia kwa jicho kama zamani, na kwa yale niliyoambiwa kutoka Mau Narok. Moshi kwanza, iliki ikae chini ingoje jasho. Nikajitia kidogo kwenye kifundo cha mkono, nikanusa. Nikanusa tena. Yarabi, sikuwa na hakika! Pua yangu ilikuwa imekaa likizo ndefu, na tena nilikuwa nataka mno iwe ndiyo. Mtu akitaka kitu namna hiyo hafai kuwa shahidi.

Nikapiga picha hivyo hivyo, nikaiweka kwenye katalogi. Nilipofika kwenye kisanduku cha maelezo, mimi mwenye maneno yangu ya mvua na mashuka, nikakosa hata moja. Nikaandika ya yule mama: "Akiwa bado kwa geti, nishajua ni yeye."

Baada ya alasiri nikasikia viatu vya shemeji. Alikuja na futi, lile la fundi, la kuvuta. Nilikuwa nimejiandaa. Simu ilikuwa juu ya kaunta, oda zote zimo, meseji zote zimo, nimwonyeshe moja baada ya nyingine mpaka achoke.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, futi mkononi. Akatazama nyuma yangu, kwenye kona ambayo kaka yake alizoea kukaa jioni na gazeti. Akatazama uchochoroni alikotoka. Uso ukambadilika, akawa kama kijana aliyeitwa jina na mtu mkubwa. Futi likajirudisha lenyewe ndani ya kasha, tap, na yeye akashtuka.

"Shemeji, karibu," nikasema.

"Nitarudi," akasema. Akaenda.

Nikabaki nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Sasa nilijua kuwa nimeipata ile harufu. Lakini la duka hakusema, na hofu yangu ikabaki pale pale. Nikapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikafunga kifurushi cha sandali cha Mau Narok.

Jua lilikuwa linashuka simu ilipolia mlio wa oda. Nikavaa miwani. Mteja alikuwa amegusa ile chupa mpya, moja. Jina lililotokea juu ni la shemeji.

Hakuwa ameandika kitu kingine. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, neno kwa neno: "Ahsante kwa oda yako. Tukuletee wapi?"

Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Kisha hakuandika, akatuma sauti, fupi.

"Usilete, shemeji. Nitakuja kuichukua mwenyewe, hapo dukani kwako."